Wanawake katika Maisha ya Sir Philip Sidney

Sir Philip Sidney, aliyezaliwa mwaka 1554 na kufa mwaka 1586, husifiwa kuwa mwungwana kamili wa enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza: askari, mjumbe na mshairi. Lakini kazi zake kubwa zote zilichapishwa baada ya kufa kwake. Basi yafaa tuulize zilitufikiaje.

Mama yake, Lady Mary Sidney, alimwuguza Malkia alipopatwa na ndui mwaka 1562. Malkia akapona, mwuguzi akaambukizwa, akabaki na makovu usoni. Philip, mtoto wa miaka 7, alikulia katika nyumba iliyojua gharama ya kuwatumikia wakuu. Hata hivyo, mwaka 1579 alithubutu kumwandikia Malkia barua ya kumshauri asiolewe na mwana wa mfalme wa Ufaransa.

Baadaye alikaa Wilton, kwa umbu lake Mary, aliyeolewa na mkuu wa Pembroke. Huko alimtungia umbu lake hadithi ya Arcadia. Penelope Devereux naye ndiye anayetajwa kuwa Stella wa tungo zake za mapenzi. Mwaka 1583 Philip alimwoa Frances Walsingham, ambaye ndiye aliyekuwa naye huko Arnhem alipokuwa akifa kwa jeraha la vita.

Arcadia aliyokuwa akiiandika upya ilikatika katikati ya sentensi. Mwaka 1593 Mary aliitoa ikiwa imeunganishwa na mwisho wa hadithi ya kwanza, na mwaka 1598 mkusanyo wa kazi za nduguye ukatoka. Tena, Philip alikuwa amezitia Zaburi 43 katika mashairi ya Kiingereza. Mary akazimaliza 107 zilizobaki. Aliyekuwa msomaji wa kwanza akawa mhariri, na mhariri akawa mshairi.

Lakini Zaburi hizo, ambazo nyingi ni kazi yake mwenyewe, hazikupigwa chapa hata mwaka 1823.

Hapa pana funzo kwetu tunaosoma fasihi. Wasomaji wengi wamjua Stella, mwanamke aliyeimbwa. Wachache wamjua Mary, aliyefanya wimbo usipotee. Tukiandika historia ya mshairi kwa kuwahesabu aliowapenda tu, tutakuwa tumeacha nje mkono uliotuletea kitabu tulichokishika.