Jinsi picha inavyoweza kuwa mlango wa udukuzi

Tarehe 7 Septemba 2023, kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa sasisho la dharura la simu za iPhone. Watafiti wa Citizen Lab, taasisi iliyo katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Canada, walikuwa wamegundua kwamba simu ya mfanyakazi wa shirika la kiraia lenye makao yake mjini Washington ilishambuliwa ili kupandikizwa programu ya kijasusi ya Pegasus. Kwa mujibu wao, shambulio hilo lilibebwa na picha zilizotumwa kwa ujumbe, na mwenye simu hakuhitaji kubonyeza chochote. Kampuni ya NSO Group ya Israel, inayotengeneza Pegasus, husema huiuza kwa serikali pekee ili kupambana na uhalifu na ugaidi.

Picha inayotumwa kwa simu ni faili la data zilizobanwa, ambazo programu hulazimika kuzifungua kabla picha haijaonekana. Kwa kazi hiyo, programu hutenga nafasi katika kumbukumbu ya kifaa. Faili likitungwa kwa hila, na programu isipopima sawasawa, data huzidi nafasi hiyo. Ni kama kumimina pishi ya mchele katika kibaba: unaozidi humwagika pembeni. Katika kompyuta, pembeni huenda pana data zinazoongoza mwenendo wa programu yenyewe. Mdukuzi akifaulu kuandika juu ya data hizo, kifaa huweza kutii amri zake.

Siku nne baadaye, Google ilirekebisha kivinjari cha Chrome, baada ya Apple na Citizen Lab kuiarifu kuhusu kasoro ya aina hiyo katika libwebp, msimbo unaofungua picha za WebP. Kwa kuwa msimbo huo hutumiwa na programu nyingi, kasoro moja ilivigusa pia vivinjari vya Firefox na Edge, na kila mtengenezaji alilazimika kutoa sasisho lake.

Tukio hilo halikuwa la kwanza. Mwaka 2021, Citizen Lab ilichunguza simu ya mwanaharakati wa Saudi Arabia na kukuta mafaili yaliyojifanya picha za GIF, ilhali baadhi yake yalikuwa nyaraka za PDF zilizotumia kasoro katika ufunguaji wa picha. Apple iliirekebisha Septemba mwaka huo.

Chanzo kikubwa ni lugha za C na C++, zilizotumika kuandika programu nyingi za picha. Lugha hizo huenda kwa kasi, lakini humwachia mwandishi wa programu jukumu la kulinda mipaka ya kumbukumbu. Mwaka 2019, Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya kasoro za kiusalama inazorekebisha kila mwaka zinatokana na usimamizi wa kumbukumbu. Ndiyo maana baadhi ya kampuni zinahamia lugha kama Rust, ambayo hukagua mipaka hiyo yenyewe. Hata hivyo, kuandika upya misimbo ya miongo kadhaa ni kazi ya miaka mingi.

Kwa mtumiaji wa kawaida, tahadhari ya kutobonyeza viungo asivyovijua haitoshi dhidi ya shambulio lisilohitaji kubonyeza. Kinga iliyo mikononi mwake ni kusasisha mfumo wa simu, na vilevile kivinjari na kila programu inayopokea picha, mara tu sasisho linapotolewa.