Mgeni wa Nyota na Mwenyeji wa Karagwe

Tangu mwaka 1960, Frank Drake alipoelekeza chombo chake cha kunasia mawimbi ya redio kwenye nyota mbili za jirani huko Green Bank, Marekani, wanadamu wametega sikio kusikiliza kama wako viumbe wengine wenye akili katika ulimwengu. Mpaka leo haijapatikana sauti iliyothibitishwa. Hata hivyo swali halikungoja jibu: siku sauti hiyo ikisikika, walimwengu watafanya nini? Wako wanaosema kwamba watafadhaika na dini zao zitatikisika. Wako wanaosema kwamba watasahau ugomvi wao na kuwa ndugu. Mtaalamu Stephen Hawking alionya kwamba ujio wa wageni wa namna hiyo ungeweza kufanana na ujio wa Columbus katika Amerika, ambao wenyeji hawakupata heri nao.

Mfano wa Columbus ni mzito, lakini si wa pekee. Uko mwingine katika nchi ya magharibi ya Ziwa Viktoria. Kitendaguro leo ni kata ya Manispaa ya Bukoba, nchi ya vibanja vya migomba na mibuni, na mji wa Bukoba wenyewe ulianza kwa ngome ya wageni. Mtu wa Kitendaguro anayeuliza jinsi wanadamu wanavyompokea mgeni asiyejulikana atokako hana haja ya kuvuka bahari ili kupata shahidi. Shahidi yuko Karagwe, upande wa machweo.

Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanyika wa Karagwe. Hakuna Mzungu aliyetangulia kufika pale. Yamkini mtu angetazamia kwamba mwenyeji angekimbia au angesujudu. Rumanyika hakufanya moja wala la pili. Aliwalaki kwa upole, na salamu zake za kwanza zilikuwa katika Kiswahili kizuri, kama Speke mwenyewe alivyoandika.

Sababu ya utulivu huo si ngumu kuifahamu. Habari ya mgeni ilikuwa imemtangulia mgeni. Wafanyabiashara wa pwani na wa Unyanyembe walikuwa na kituo chao Kafuro, nao walikuwa wameleta nguo, shanga, lugha na masimulizi ya watu wa ng'ambo. Tena fikira za nchi zilikwisha kuwa na nafasi ya wasioonekana. Watu wa Buhaya na Karagwe walimjua Wamara, bwana wa mizimu. Mugasha, bwana wa ziwa. Na Kazoba, mwenye jua. Watu wanaoamini kwamba ulimwengu una wakazi wengine hawaanguki chini kwa kuambiwa kwamba mkazi mmoja amebisha hodi.

Zaidi ya hayo, mwenyeji ndiye aliyekuwa na maswali. Rumanyika alitaka kujua kama jua la leo ndilo lile la jana, au kama kila siku huja jua jipya. Akauliza pia kama mwezi hubadili uso wake ili kuwacheka wanadamu. Basi swali la mbingu lilijadiliwa Bweranyange karibu miaka mia moja kabla ya chombo cha Green Bank, na aliyelianzisha hakuwa mgeni.

Hiyo ndiyo sura njema ya habari hii. Lakini iko sura ya pili, nayo ndiyo inayofaa kutazamwa zaidi. Rumanyika alikuwa na ugomvi wa urithi na ndugu yake Rogero. Kabla ya Speke kufika, mfanyabiashara Musa wa Unyanyembe alikuwa amemsaidia katika ugomvi huo, na Speke alipofika, mfalme alitafuta kwake nguvu ya kummaliza hasimu wake. Mgeni wa ajabu hakupimwa kwa ukubwa wa ajabu yake, bali kwa manufaa yake katika shauri la nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa tena baadaye. Buhaya haikuwa dola moja. Palikuwa na Kiziba, Kihanja, Kyamutwara, Ihangiro na nyinginezo, kila moja na mkama wake. Tarehe 1 Julai 1890 Wajerumani na Waingereza walipatana Berlin juu ya mpaka wa magharibi ya ziwa, na wenyeji hawakuulizwa. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Wakama hawakukutana kutoa neno moja. Kahigi wa Kihanja aliona katika wageni njia ya kukuza enzi yake, akaikuza, wengine wakapungukiwa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Jambo la tatu ni la siri zaidi, na madhara yake yalidumu kuliko ngome. Speke alimweleza Rumanyika kwamba ukoo wake ulitoka Uhabeshi, nao ulifika mpaka kwa Mfalme Daudi. Mfalme alipendezwa. Speke akaichapisha dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1863, nayo ikawa miongoni mwa mizizi ya nadharia kwamba watawala wa Maziwa Makuu ni taifa geni lililoleta ustaarabu kwa Waafrika wasiokuwa nao. Katika Rwanda nadharia hiyo iligeuzwa kuwa siasa, ikawafanya majirani kuwa wageni, na sumu yake ilionekana katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994.

Jibu lilikuwa ardhini tangu zamani. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt alichimba matanuri ya kale ya chuma karibu na Bukoba, na wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo wakayeyusha chuma tena mbele ya wataalamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalionyesha kwamba wahunzi wa nchi hii walitengeneza chuma cha pua miaka 1,500 mpaka 2,000 iliyopita. Lakini mgeni alikuwa amekwisha kumsimulia mwenyeji habari za mwenyeji, na masimulizi yake yalitembea zaidi ya miaka mia moja kabla ya kukanushwa.

Walimwengu wa leo wako katika hali ya wakama wa Buhaya. Mwaka 1977 vyombo viwili vya Voyager vilirushwa vikiwa na sahani za dhahabu zenye salamu katika lugha 55. Kiganda, lugha ya jirani ya Buhaya, kimo. Kiswahili, ambacho Rumanyika alimlakia mgeni wake, hakimo. Watu wachache walichagua maneno ya wote. Mwaka 1989 wataalamu wa elimu ya anga waliandika kanuni kwamba ishara ikinaswa ithibitishwe, itangazwe, na isijibiwe kabla ya mataifa kushauriana. Kanuni ni njema, lakini haina askari wala mahakama. Na taifa lenye hasimu wake litashawishika kujibu peke yake, kama Rumanyika alivyoshawishika kwa sababu ya Rogero.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Karagwe inafundisha kwamba mwenyeji hapони kwa ujio wa mgeni peke yake. Hupona akiwa amekwisha kusuluhisha ugomvi wa nyumba yake, na akiwa anazijua habari zake mwenyewe kiasi cha kutokubali kusimuliwa na mwingine. Mambo hayo mawili hayahitaji darubini, wala hayangoji sauti kutoka mbinguni.