Kwamndolwa katika Faharasa: Hoja Dhidi ya Kufuta Maneno Madogo

Anayetafuta Kwamndolwa katika hifadhi ya nyaraka za kompyuta hukutana na matatizo mawili. Jina hilo la mahali liko Korogwe, na majina ya namna hiyo huweza kujirudia katika wilaya nyingine. Hilo humalizwa kwa kutaja wilaya. Tatizo la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa wapo wanaoandika neno moja na wapo wanaotenga, "Kwa Mndolwa". Hapo matokeo hutegemea uamuzi asiouona mtafutaji, yaani kama mjenzi wa faharasa ameagiza "kwa" irukwe. Ikirukwa, hubaki "mndolwa", ambalo ni jina la mtu pia, na faharasa haina tena chochote cha kulihusisha na "Kwamndolwa". Nadai kwamba katika Kiswahili maneno ya namna hii yasifutwe faharasa inapojengwa. Yahifadhiwe pamoja na nafasi zake, na uzito wake upimwe mtu anapotafuta.

Desturi ya kuyaruka ina umri wa Hans Peter Luhn wa IBM na kazi zake za mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati nafasi ya kuhifadhia ilikuwa ghali mno. Orodha zilizofuata zilikuwa za Kiingereza, na zimetufikia zikiwa ndani ya programu bila kubisha hodi. Mfumo wa MyISAM wa hifadhidata ya MySQL, usipobadilishwa mipangilio, huruka zaidi ya maneno 500 ya Kiingereza pamoja na kila neno lisilofika herufi nne. Kwa hiyo "kwa", "na", "ya" na "si" hutoweka bila hata kuorodheshwa. Baya zaidi, orodha hiyo inalo neno "same", na Wilaya ya Same, anayoipita kila msafiri wa Korogwe kwenda Moshi, haipatikani kwa jina lake.

Itasemwa kwamba dawa ni kutunga orodha ya Kiswahili. Sikubali, kwa sababu sarufi yetu haigawanyiki hivyo. Ukanushi mara nyingi umo ndani ya kitenzi, na mara nyingine husimama peke yake. Orodha ikifuta "bila", basi "bila kulipa" huwa "kulipa", ilhali "hawakulipa" hubaki salama. Karani anayetafuta wasiolipa kodi ya kiwanja ataletewa waliolipa. Hasara ya kufuta "kwa" nayo haigawanyiki sawasawa. Huwaangukia hasa watu wa sehemu kama Kwamatuku, Kwaluguru na Kwamsisi kule Handeni, Kwagunda na Kwashemshi huku Korogwe, hata Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi.

Hoja ya nafasi imepungua nguvu. Neno linalojitokeza katika karibu kila waraka hubanwa vizuri, kwani faharasa huandika tofauti kati ya namba za nyaraka, na tofauti hizo ni ndogo. Kinachogharimu ni nafasi za neno ndani ya kila waraka, na gharama hiyo inabebeka. Hofu kwamba "kwa" itavuruga mpangilio wa matokeo ilijibiwa na Karen Spärck Jones mwaka 1972, alipoonyesha kuwa neno lipewe uzito mdogo kadiri linavyoenea katika nyaraka nyingi. Hata Lucene, programu ya kujengea faharasa na utafutaji, tangu toleo la 8.0 la mwaka 2019, imeacha kuruka maneno katika kichanganuzi chake cha kawaida.

Pingamizi lenye uzito ni hili: kuhifadhi "kwa" peke yake hakuunganishi "Kwa Mndolwa" na "Kwamndolwa". Ni kweli. Lakini maktaba ya kidijitali ya HathiTrust, yenye vitabu vya lugha nyingi ambamo neno dogo la lugha moja ni neno zito la nyingine, iliunganisha maneno ya kawaida na jirani zake ili utafutaji wa virai uwe mwepesi. Kwetu njia hiyo ingebadilishwa kidogo: "kwa" ishikamanishwe na neno linaloifuata, na umbo hilo liwekwe kando ya maneno yenyewe. Yatazaliwa pia maumbo kama "kwahiyo" na "kwasababu", ambayo watu wengi huyaandika hivyo hivyo, walimu wapende wasipende. Kanuni hiyo yaweza pia kutumiwa kwenye swali la mtafutaji, ikaongezwa au kuondolewa wakati wowote, mradi "kwa" ipo katika faharasa. Iliyofutwa hairudi mpaka nyaraka zote zisomwe upya.