Raifo ya bei nafuu: kwa nini inakosa shabaha, na namna ya kuishika

Wiki iliyopita msikilizaji wetu mmoja alituletea ujumbe. Ana raifo ya bolti yenye leseni, aliyoinunua ikiwa imetumika. Alimpiga swala, swala akakimbia na jeraha, wakamfuata hadi giza likaingia bila kumpata. Aliuliza: "Je, bunduki ya bei rahisi ndiyo iliyoniangusha?" Jibu letu redioni lilikuwa fupi kwa sababu ya muda. Hapa tunaeleza kwa kirefu.

Raifo ya bolti ni nini?

Ni bunduki ambayo baada ya kila mlio unainua mkono wa bolti, unauvuta nyuma ili ganda litoke, unausukuma mbele ili risasi nyingine iingie, kisha unaufunga. Bunduki nyingi za namna hii zinafuata mfumo wa Mjerumani Paul Mauser wa mwaka 1898, wenye ukucha mkubwa unaoshika ganda la risasi. Miongoni mwa zinazojulikana Afrika ni zile zenye jina la Brno, na baadaye CZ, kutoka mji wa Uherský Brod katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya bunduki za mitutu miwili zinazotengenezwa kwa mkono London, lakini wawindaji wa kulipwa wengi wamezitegemea hata mbele ya nyati.

Kwa hiyo bei nafuu si lazima iwe shabaha mbaya. Mara nyingi tofauti ya bei imo kwenye mbao nzuri, nakshi na ulaini wa bolti.

Pima kabla ya kulaumu

Kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, upige risasi 3 kwenye karatasi iliyo mita 100. Matundu yakikaa ndani ya sentimita 5, bunduki ni nzima. Umbali ukiongezeka mara mbili, mtawanyiko nao huongezeka mara mbili: sentimita 5 kwa mita 100 huwa 10 kwa mita 200. Sehemu ya moyo na mapafu ya swala ina upana wa kama sentimita 15 tu. Bunduki inayotawanya sentimita 10 kwa mita 100 haifai kabisa kwa mita 200.

Matundu yakitawanyika, angalia haya kwa zamu:

- Skrubu za darubini na za kitako. Zikilegea, kila mlio unaisogeza darubini.
- Mtutu kugusa mbao. Mbao ikivimba kwa mvua, husukuma mtutu upande.
- Aina ya risasi. Bunduki moja hupenda risasi ya kampuni moja na kukataa ya nyingine. Ukibadilisha risasi, pima upya.
- Mtutu wa moto. Upe muda upoe kati ya milio, maana porini utapiga ukiwa wa baridi.
- Wewe mwenyewe. Wengi hufumba macho na kukivuta kifyatulio kwa nguvu kwa kuogopa teke la bunduki. Kivute polepole.

Kama matundu yako pamoja lakini mbali na katikati, bunduki haina kosa. Rekebisha darubini.

Porini

Egemeza bunduki kwenye fimbo au mti, ukiweka mkono katikati. Usiegemeze mtutu wenyewe. Ukichezesha bolti, ivute hadi mwisho. Ukiivuta nusu kwa haraka, risasi haitapanda, na utafyatua chemba tupu mbele ya mnyama aliyejeruhiwa.

Usalama

Ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwa mtu. Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi uwe tayari kupiga, na ujue kilicho nyuma ya mnyama, maana risasi ya raifo husafiri kilomita kadhaa. Kabla ya kuingia kwenye gari au nyumbani, fungua bolti, toa risasi zote, angalia chemba kwa macho na kwa kidole. Bunduki ifungiwe, risasi zifungiwe mbali nayo, na watoto wasijue ufunguo ulipo.

Tukumbushane pia sheria. Tanzania, silaha inamilikiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Hicho ni kingine. Kenya, uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977.

Msikilizaji wetu alipima bunduki yake. Skrubu mbili za darubini zilikuwa zimelegea. Bunduki ilikuwa nzima. Iliyokosekana ni nusu saa ya kuikagua kabla ya kutoka nyumbani.