Mkono wa Kushoto wa Lachhiman Gurung

Lachhiman Gurung alizaliwa Desemba 1917 katika kijiji cha Dakhani, wilaya ya Tanahu, Nepal. Urefu wake haukutimia futi tano, na wakati wa amani jeshi lisingempokea. Lakini mwaka 1940 Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vinataka watu, akaandikishwa. Baadaye akawa askari wa Batalioni ya 4, Kikosi cha 8 cha Wagurkha, askari wa Kinepali waliopigana upande wa Uingereza.

Vita vikampeleka Burma, nchi ambayo wazee wetu wa keya, yaani askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza, waliiita Bama. Desemba 1944 divisheni yao, ya 11 ya Afrika Mashariki, ilitwaa Kalewa, kando ya mto Chindwin. Miezi mitano baadaye Lachhiman alikuwa Taungdaw, magharibi ya mto Irrawaddy, kikosi chake kikiwazibia njia Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma.

Usiku wa kuamkia Mei 13, 1945, saa saba na dakika ishirini, Wajapani wasiopungua 200 walivamia. Handaki lake lilikuwa mbele kabisa; likitekwa hilo, ngome nzima imeingilika. Guruneti likaangukia ukingoni. Akaliokota, akawarudishia wenyewe. La pili likatumbukia ndani, nalo akalirusha. La tatu likampasukia mkononi. Vidole vikakatika, mkono wa kulia ukavunjikavunjika, uso na mguu vikachanika. Wenzake wawili handakini walilala chini, wameumia vibaya.

Hapo ndipo ninapokawia kila nisomapo habari hii. Bunduki yake ilikokiwa kila baada ya risasi moja, na komeo lake lilikaa upande wa kulia. Lachhiman alijaza, akakoki na kufyatua kwa mkono wa kushoto, gizani, damu ikimtoka, kwa saa nne. Kulipokucha zilihesabiwa maiti 87 kuzunguka kombania yao, 31 kati yake mbele ya seksheni yake. Sisemi zote ni zake. Nasema hakuna aliyepita pale.

Desemba 19, 1945, katika Ngome Nyekundu ya Delhi, Wavell, mtawala wa India kwa niaba ya Uingereza, alimvika Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Baba yake, mzee asiyejiweza, alibebwa siku 11 kutoka kijijini ili amwone mwanawe.

Jicho la kulia halikupona, wala mkono ule haukufanya kazi tena. Mwaka 1947 akarudi Nepal kulima. Uingereza ilikawia hadi Mei 2009 kuwaruhusu Wagurkha waliostaafu kabla ya 1997 wahamie huko, na kuchelewa huko kunaniuma. Lachhiman alifariki Desemba 12, 2010, akiwa na miaka 92.