Union Minière ilifundisha watu, lakini mpaka wapi?

Ndugu zangu wenye diplome, tunaomba kila siku makampuni ya madini yatufungulie mafunzo na kushirikiana na vyuo vyetu. Ni sawa. Ila Katanga ilishaona jambo hilo zamani.

Union Minière ilianza 1906. Miaka ya kwanza ilitafuta wafanyakazi mbali, mpaka Rodezia ya Kaskazini na Rwanda. Walikaa miezi kidogo, wakarudi kwao. Wengine walifia kambini. Kila mara kazi ilifundishwa upya. Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha hesabu: kontra ya miaka 3, bibi aje, nyumba, posho, hospitali. Na watoto? Shule za kambi zikawekwa mikononi mwa mapadri Wabenedikto. Wazungu hawakuwa wajinga: mtoto aliyekomaa akisikia king'ora cha kiwanda ndiye mfanyakazi wa kesho.

Mafunzo yalikuwa ya kweli, yalitoa mafundi na makarani wazuri. Lakini yaliishia pale haja ya kampuni ilipoishia. Fundi, ndiyo, injinia, hapana. Chuo kikuu kilifunguliwa Élisabethville 1956 tu, na siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu katika inchi yote hawakufika hata 30.

Kwa hiyo kampuni ikileta mkataba kwa chuo chetu, mimi nauliza kwanza: programu anaandika nani? Na mwanafunzi bora atafika cheo gani? Kama karatasi inaishia kwenye kuendesha lori la mgodi, tudai mstari wa kuendelea mbele ya kuweka sahihi.