Sarafu za kale za China (kupambanua halisi na ghushi)

Sarafu za kale za China, hasa zile za mviringo zenye tundu la mraba la kupitishia kamba, ni miongoni mwa vitu vya kale vinavyoghushiwa sana. Ajabu ni kwamba nyingi za zama za nasaba ya Song ni za bei ya chini, kwani zilitolewa kwa mamilioni. Hata hivyo, nazo huigwa na kuuziwa watalii.

Utengenezaji

Hazikugongwa kwa mhuri. Shaba iliyoyeyushwa ilimiminwa kwenye kalibu, sarafu zikatoka zimeshikamana kama matawi ya mti. Baada ya kukatwa, zilitungwa kwenye kijiti cha pembe nne, kisha kingo zake zikasuguliwa kwa tupa pamoja. Ndiyo maana ukingo wa sarafu halisi mara nyingi una mikwaruzo ya tupa. Mghushi wa siku hizi hutengeneza kalibu kutokana na sarafu halisi, na kwa kuwa metali hunywea ikipoa, nakala yake huwa ndogo kidogo na maandishi yake butu. Kwa hiyo vipimo ni shahidi mzuri: sarafu ya Kaiyuan Tongbao, iliyoanza kutolewa mwaka 621, huwa na kipenyo cha milimita 24 hivi na uzito wa karibu gramu 4.

Metali

Sarafu za shaba za Song zilichanganywa na risasi na bati. Shaba ya njano, yenye zinki, ilishika nafasi katika sarafu za nasaba ya Ming kuanzia karne ya 16. Sarafu ya Song inayong'aa njano kama koki ya bomba haistahili kuaminiwa.

Kutu

Kutu halisi ya kijani kwa kawaida ni ngumu na imeng'ang'ania shaba. Ya bandia mara nyingi ni rangi na gundi. Hiyo pamba yenye asetoni huibandua.

Nakala za zamani

Si kila nakala ni hila ya leo. Kuanzia mwaka 1659, Nagasaki, Japani, ilitoa sarafu za biashara zenye maandishi ya Song, zikiwemo Yuanfeng Tongbao. Umri wake ni wa kweli, jina si lake.

Afrika Mashariki

Sarafu za China zimepatikana huku pia. Hazina ya sarafu hizo, nyingi za Song, ilipatikana Kajengwa, Unguja, mwaka 1945. Sarafu ya Yongle Tongbao iliyotangazwa mwaka 2013 ilichimbuliwa na wanaakiolojia kisiwani Manda, karibu na Lamu.